Kashfa ni Kufunua

Redio ikisema kwamba mweka hazina wa chama cha akiba "amekumbwa na kashfa", msikilizaji wa Busia, wa Arua au wa Bwaise haulizi tena kama kuna jambo lililotendeka. Anauliza ni shilingi ngapi. Neno lenyewe limeshamwambia kwamba palikuwa na kitu kimefunikwa na sasa kimefunuliwa. Kazi hiyo limeibeba tangu asili yake, na ndiyo maana linataka mkono mwangalifu kuliko tunavyolishika wengi wetu tunaoandika, kutangaza na kutafsiri kwa Kiswahili hapa Uganda.

Asili yake ni Kiarabu, mzizi wa konsonanti tatu: k, sh, f. Maana ya mzizi huo ni kufunua, kuondoa kifuniko ili kilicho chini kionekane. Kwa Waarabu hauna ubaya wowote. Taarifa ya akaunti unayoichukua benki wao huiita kashf hisab. Daktari akimpima mgonjwa, anafanya kashf. Maskauti ni kashshafa, watu wanaotangulia kuiangalia njia. Na masufi wameliweka neno kashf kwenye daraja ya juu kabisa: kuondolewa pazia moyoni, mtu akayajua yaliyofichika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtia mtu doa.

Mwarabu akitaka kutaja kile tunachokiita sisi kashfa, hutumia neno jingine, fadiha. Na hilo nalo tunalo: ni fedheha. Maneno mawili yalivuka bahari, na yalipofika pwani yakabadilishana viti. Fadiha, ambalo kwao ni tukio la kufichuka kwa jambo chafu, kwetu likawa hali inayomkuta mtu baada ya kufichuliwa: amepata fedheha, amefedheheka, wamemfedhehesha. Kashf, ambalo kwao ni kufunua tu, kwetu ndilo likawa tukio. Hapa anayejua Kiarabu vizuri hujikwaa upesi kuliko asiyekijua, kwa sababu sikio lake linamwambia fadiha ni fedheha na kumbe sivyo.

Kuna njia nyepesi ya kujua kama kitenzi ni cha kuazima. Tazama herufi ya mwisho. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu huishia a: sengenya, singizia, fichua, umbua. Vilivyotoka Kiarabu mara nyingi huishia u, i au e: kashifu, tuhumu, laumu, sifu, heshimu, shuku. Si jambo la darasani tu, maana hapohapo ndipo linapozaliwa kosa sugu la "amemkashfa mwenzake". Kashfa ni nomino. Kitenzi ni kukashifu: amemkashifu, amekashifiwa, wanakashifiana. Nomino yenyewe iko katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ni kashfa hii, kashfa hizi, kashfa imefichuka. Anayesema "makashfa" ameongeza ma pasipo haja.

Sasa kiweke kukashifu kando, ukitazame kitenzi umbua, kwa sababu hiki ni mali ya nyumbani. Kuumba ni kukipa kitu umbo, kama mfinyanzi na udongo. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua, kile kinachoigeuza funga ikawa fungua, ziba ikawa zibua, kunja ikawa kunjua. Ukikitia kwenye umba unapata umbua: kuliondoa umbo, kumharibia mtu sura aliyokuwa nayo mbele ya macho ya watu. "Ameumbuka" maana yake sura aliyojijengea imebomoka na sasa anaonekana alivyo. Kwa njia ileile ficha hutoa fichua. Basi lugha ilikuwa na nyenzo zake yenyewe za kusema jambo hili, na nyenzo hizo zinachora picha ileile ya Kiarabu: kuna kilichofunika, na kuna mkono ulioondoa. Tofauti iko katika mahali mkono unapogusa. Unafichua wizi. Unamuumbua mwizi. Na ukimsema mtu mabaya hadharani, yawe ya kweli au ya uongo, unamkashifu. Vitenzi vitatu, na kila kimoja kina mtendwa wake. Tahariri nyingi zingekuwa safi kama mwandishi angejiuliza tu: ninachotaka kukigusa hapa ni kitu, ni mtu, au ni jina lake?

Ndani ya mtu kuna neno jingine kabisa. Kiganda kina ensonyi, ile hali ya kuinamisha uso. Kinyankole kina enshoni, Kikuyu thoni, Kizulu izinhloni. Kiswahili kina soni, ingawa siku hizi haya na aibu zimelisukuma pembeni, hata vijana wengi hawalijui. Ni neno moja la ukoo mzima wa Kibantu, na kila lugha imelitamka kwa mdomo wake. Soni haihitaji shahidi: unaweza kuwa nayo peke yako gizani. Kashfa bila watu haiwezi kuwepo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa Uganda angefundishwa, kwa sababu Kiganda anachotoka nacho nyumbani kinampa msaada wa bure: ensonyi ni ya ndani, obuswavu ni wa mbele za watu. Tatizo huja kwenye kitenzi okuswala. "Oswadde" anaweza kuambiwa aliyeteleza kwenye tope la soko, na anaweza kuambiwa aliyeshikwa na mali ya kanisa. Kiswahili hakiwezi kuyabeba yote mawili kwa neno moja. Wa kwanza ametahayari. Wa pili ameumbuka, au amefedheheka. Ukimwambia aliyeteleza kwamba amefedheheka, umemtwisha gunia ambalo si lake.

Aibu nayo ina historia inayostahili kusimamiwa kidogo. Kiarabu chake ni ayb, maana yake ni dosari, upungufu, na mahali pake pa kazi hasa ni sokoni. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye ayb iliyokuwepo kabla ya kuuziwa, na hakuambiwa, ana hiari ya kukirudisha. Mbuzi mgonjwa, kitambaa kilicholiwa na mende, mtungi wenye ufa uliofichwa kwa nta: hiyo ndiyo ayb. Kiswahili kiliitoa aibu kwenye bidhaa kikaiweka kwa mtu, halafu nafasi iliyobaki wazi kwenye bidhaa ikachukuliwa na dosari, kasoro na ila. Lakini kumbukumbu ya soko haijafutika. Tunasema kizuri hakikosi ila, na tunasema bila kulaumu, kama mfanyabiashara anayejua kwamba hakuna gunia la maharage lisilo na jiwe.

Tuhuma ndiyo ninayotaka watu wailinde kuliko zote. Mzizi wake katika Kiarabu ni w, h, m, ambao pia hutoa wahm, yaani dhana, jambo lililo akilini ambalo huenda halina mwili. Neno lenyewe linakiri udhaifu wake. Mtuhumiwa ni mtu ambaye wengine wanamdhania. Huko Kenya vyombo vya habari hupenda mshukiwa, kutokana na shuku. Tanzania wanasema mtuhumiwa. Na kwa kuwa sisi tunapokea matangazo kutoka pande zote mbili, masikio yetu yamezoea yote mawili na hakuna ubaya. Mshtakiwa ni mwingine: huyo ameshasomewa shtaka mahakamani. Mfungwa ni mwingine tena. Mtu anapita hatua hizi moja baada ya nyingine, na anaweza kutoka katika hatua yoyote akaenda nyumbani kwake akiwa mzima. Neno kashfa likitumiwa mapema linaziruka zote na kumpeleka mwisho.

Chukua mfano wa chama cha akiba chenye wanachama 40. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa shilingi 10,000, kwa hiyo kila juma zinapaswa kuingia 400,000, na baada ya majuma manne 1,600,000. Jumamosi ya nne mwenyekiti anaangalia salio kwenye simu ya chama na kukuta 1,480,000. Pengo ni 120,000. Kwa wakati huo, neno sahihi ni dosari, au pengo, katika hesabu. Hakuna jina la mtu linaloingia hapo. Jumapili mwanachama mmoja anaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mweka hazina lazima anajua zilipo. Sasa ni tuhuma. Ina mtuhumu na mtuhumiwa, na kwa desturi njema mtuhumu anaombwa aseme anatuhumu kwa msingi gani.

Jumatatu kamati inafungua daftari na kulilinganisha na stakabadhi, jina kwa jina, juma kwa juma. Njia zinagawanyika hapo. Huenda wakakuta wanachama watatu hawakutoa chochote kwa majuma yote manne, mweka hazina akawawekea alama ya kulipa kwa sababu walimwahidi kuleta. Watatu mara 10,000 mara nne ni 120,000, hesabu imefunga. Mweka hazina ana kosa la uandishi na anapaswa kuambiwa, lakini hakuna fedha iliyopotea na hakuna kashfa. Au huenda wakakuta stakabadhi zote 160 zimekamilika, fedha ziliingia, kisha 120,000 zikahamishwa kwenda namba ya mtu binafsi siku ya Alhamisi. Hapo kuna kilichokuwa kimefunikwa na sasa kimefunuliwa. Kashfa imepata haki ya kuitwa kashfa. Mweka hazina ameumbuka, familia yake imeingia fedheha, na ikiwa alishawahi kufanya hivyo katika chama kingine, basi ana sifa mbaya.

Kinachoharibika mara nyingi ni Jumapili. Mtu mmoja akiandika "kashfa ya mweka hazina" kwenye kundi lenye watu 40, kila mmoja akaipeleka kwa wengine, kamati inayofungua daftari Jumatatu inakuta hukumu imeshatoka. Hata wakikuta ni ile njia ya kwanza, ya alama zilizowekwa mapema, neno limeshakaa. Na kuna methali inayolisaidia likae: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naiheshimu hazina ya wahenga, lakini methali hii ikitumiwa dhidi ya mtu aliyetuhumiwa tu inakuwa silaha mbaya, kwa sababu inageuza uvumi kuwa ushahidi na inamnyima mtu hata nafasi ya daftari kufunguliwa.

Wanaofanya kazi ya habari wana mitego mingine midogo inayofanana na huu. Kuhusika na kuhusishwa hutofautiana kwa silabi chache tu, lakini kuhusika kunasema mtu alikuwemo, kuhusishwa kunasema wengine wamemtia humo. "Afisa aliyehusika katika kashfa" ni hukumu. "Afisa anayehusishwa na kashfa" ni taarifa. Kudai nako kuna pande mbili. "Mweka hazina anadaiwa kuiba shilingi 120,000" maana yake watu wanasema ameiba. "Mweka hazina anadaiwa shilingi 120,000" maana yake ana deni. Ukisahau neno kuiba katikati, umembadilishia mtu tuhuma ikawa mkopo, au kinyume chake msikilizaji aliyefungua redio nusu ya sentensi akachukua upande asioupaswa.

Mwaka 2023 mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja yaligawiwa kwingine, na baadhi ya mawaziri wakafikishwa mahakamani. Kuliita jambo lile kashfa ya mabati kulikuwa sawa, kwa sababu mabati yalikuwa yameonekana yasipopaswa kuwa. Kilichofunikwa kilikuwa kimefunuliwa. Kumwita mmoja wa washtakiwa "waziri wa kashfa" kabla ya mahakama kusema neno lake ni jambo jingine. Kashfa inaweza kuwa ya kitu huku hatia ya mtu ikiwa bado haijulikani. Wale wanaotaka kuongeza tahadhari wana neno sakata, sakata la mabati, ambalo linasema tu kwamba kuna mvutano mkubwa unaoendelea na halimwambii msikilizaji nani alifunika nini.

Katika sheria mambo yanageuka tena. Mwanasheria wa Tanzania akisema "kesi ya kashfa" hamaanishi kesi ya wizi wa mabati. Anamaanisha mtu ameshtakiwa kwa kumchafulia mwenzake jina, kwa maandishi au kwa maneno. Kwake kashfa ni kosa la msemaji. Kwa mtangazaji ni kosa la msemwa. Neno moja, mkosaji amehama upande mzima wa chumba. Kuna na matumizi ya tatu, yanayosikika sana katika mihadhara ya dini: kukashifu dini ya wenzio, yaani kuitolea maneno ya dharau. Hapo hakuna kinachofunuliwa kabisa. Mahakama zetu za Uganda zinaendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mkalimani wa Kiswahili hana istilahi aliyopewa na serikali, anachagua mwenyewe. Ushauri wangu kwake ni mmoja: akitafsiri shauri la mtu kulalamikia maneno yaliyosemwa juu yake, aseme "kuchafuliwa jina" au "kuharibiwa jina", aiache kashfa. Mlalamikaji wa kijijini akisikia "kesi yako ya kashfa" ataamini yeye ndiye mshtakiwa, na ana haki ya kuamini hivyo, kwa sababu redio imemfundisha miaka yote kwamba mwenye kashfa ndiye aliyetenda.

Sifa mbaya ni ya mwisho katika mlolongo, nayo ni tofauti na zote kwa sababu haizaliwi siku moja. Sifa imetoka katika mzizi uleule uliotupa wasifu, wenye maana ya kueleza kitu kilivyo. Kiarabu chake hakina upande; ni maelezo tu. Kiswahili kimelielekeza neno hili kwenye wema hadi "anapenda sifa" ni kupenda kusifiwa, na "ana sifa zinazotakiwa" ni kufaa kwa kazi. Ndiyo maana ubaya hauwezi kueleweka bila kivumishi kutajwa: sifa mbaya. Na kwa kuwa sifa ni I-ZI, kivumishi ni mbaya, si baya. Jina ndilo linalochukua baya, kwa sababu liko LI-YA: jina baya, majina mabaya. Wanafunzi huyachanganya haya mawili kila muhula. Kwa maana nako kuna tofauti kidogo: jina baya hukaa kwa mtu, ukoo au kampuni, sifa mbaya huenda popote, hata kwenye kona ya barabara yenye ajali nyingi.

Anayetafuta neno la mtu anayejulikana kote kwa ubaya wake asikimbilie maarufu. "Mwizi maarufu" humtukuza mwizi. Msikilizaji mdogo atatamani kuwa yeye. Kiswahili kina sugu, ambalo kwanza ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha mkulima au kwenye goti la anayepiga magoti sana. Mhalifu sugu ni yule ambaye uhalifu umemwotea ngozi, haumuumi tena. Kuna na kubuhu: mlevi aliyekubuhu, mwongo aliyekubuhu. Haya mawili yanabeba mazoea na ugumu pamoja, na hayana hata chembe ya kusifu.

Kwa sisi wa Uganda kuna upande wa jambo hili unaouma zaidi, kwa sababu lugha yenyewe tunayoiandika ilipewa jina baya hapa. Haikuanza hivyo. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1840, na Kiganda kikachukua kwao kitabo, ssaawa, emmeeza, bila mtu kuona vibaya. Gavana wa kikoloni, Gowers, alipotaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na wamisionari wengi pia, lakini ule ulikuwa ugomvi wa madaraka na shule. Doa liliingia kwa njia nyingine, kupitia kambi na vizuizi vya barabarani. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za mkoloni, na raia wengi walikutana nacho kwa mara ya kwanza kikitoka mdomoni mwa mtu mwenye bunduki.

Sikiliza maneno yaliyobaki midomoni. Mafuta mingi: ndivyo walivyoitwa waliopewa maduka na viwanda baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, walipopewa siku 90 za kuondoka. Sarufi sanifu ingesema mafuta mengi, na hiyo i isiyokubaliana na ngeli ndiyo saini ya Kiswahili cha kambini na sokoni, kinachotumia kivumishi kimoja kwa kila kitu. Magendo: biashara ya mlango wa nyuma ya miaka ileile, sukari, sabuni, kahawa kuvushwa usiku. Panda gari: amri ya askari wakati wa misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakipakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Kwa mama aliyekuwa Luweero wakati huo, maneno hayo mawili si sentensi ya kituo cha basi. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo, lilivyotoka kwa aliyelitoa, liliizidishia lugha mzigo badala ya kuipa heshima.

Neno magendo linafaa kutazamwa kwa karibu. Kiswahili husema kuenda, Kiganda husema okugenda. G ambayo kitenzi cha Kiswahili kimeipoteza bado iko mzima kwa Waganda. Mtu wa Masaka akisikia magendo anasikia mwendo. Kitenzi hichohicho cha kuenda, kwa kupitia kuenenda, kinatupa mwenendo, neno linalotumika kwenye cheti cha mwenendo mwema ambacho polisi hutoa kwa anayekwenda kufanya kazi nje, na ambalo mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hulihitaji anapoandika barua ya kumtambulisha mkazi wake: mwenendo wake ni mzuri. Jinsi mtu anavyokwenda barabarani ndivyo anavyojulikana. Kiswahili kinachosema magendo ndicho kinachosema mwenendo mwema, na mwalimu wa kidato cha kwanza, ambako tangu 2020 somo la Kiswahili ni la lazima, anaweza kuyaandika yote mawili ubaoni siku moja. Lugha hii imekuwa ya pili rasmi katika Katiba tangu marekebisho ya 2005, na Baraza la Mawaziri lilipendekeza Julai 2022 ifundishwe kwa lazima kuanzia msingi. Karatasi zimekamilika. Masikio ndiyo yanayochelewa.

Nimebakiwa na jambo la vitendo, nalo ni namna ya kurudisha. Umba ina umbua, lakini umbua haina kitenzi cha kuirudisha. Hakuna neno moja la Kiswahili la kumrudishia mtu umbo lake. Kashifu pia haina kinyume. Ukisema "kufunika kashfa" umetaja kosa jingine, la kuficha ushahidi. Kilichopo ni maneno ya kufua na kuosha: kusafisha jina, kumtakasa mtu. Kufua kunataka maji mengi kuliko kuchafua. Kituo cha redio kilichokosea kinapaswa kusahihisha katika kipindi kilekile, saa ileile, kwa lugha ileile; kosa lililotangazwa saa moja jioni halisafishwi saa kumi alfajiri. Jina la mtu litajwe kamili. Kilichosemwa kitajwe mara moja tu, kisha ukweli useme kwa takwimu, kisha radhi. Kwa mweka hazina wetu wa mfano ingekuwa hivi: "Jumapili tulisema kwamba mweka hazina wa chama hiki amekumbwa na kashfa. Tulikosea. Shilingi 120,000 zilizodhaniwa kupotea zilikuwa bado hazijalipwa na wanachama watatu. Fedha zote zilizolipwa, shilingi 1,480,000, zipo. Tunamwomba radhi yeye na jamaa zake." Sentensi tano. Kashfa imetajwa katika ya kwanza peke yake, na jamaa wametajwa mwishoni kwa sababu nao walisikia Jumapili.